Hesabu za Kipupwe

Usiku wangu wa kwanza nyumbani niliamshwa na ndoo. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha, giza bado halijatoka, na upepo wa kusi ulikuwa unatikisa mabati. Nikasikia mshikio wa ndoo ukigonga ukingo, kisha kandambili za Mama zikipita chini ya dirisha langu kuelekea kisimani. Nilikuwa nimejifunika shuka mbili na ndani nimevaa sweta. Nikageukia ukutani, nikalala tena.

Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo linalonitia aibu kuliko mengine yote nitakayosimulia.

Kwetu ni Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji kutoka Kilwa Masoko, kama kilometa mbili za bahari. Wengi mnakijua kisiwa hiki kwa magofu yake: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Gereza. Pamoja na Songo Mnara kiliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Wageni huja sana miezi hii ya Juni mpaka Agosti, kwa kuwa mvua zimekwisha na jua limepoa. Wanapiga picha, wanakunywa dafu, wanapanda boti kurudi Masoko kabla ya magharibi. Sisi tunabaki na kusi.

Nilipomwandikia rafiki yangu anayesoma Ujerumani kwamba kwetu ni baridi, aliniuliza nyuzi ngapi. Nikamwambia usiku inashuka hadi ishirini hivi. Akanirudishia mstari mzima wa vikaragosi vya kucheka. Kwao ishirini ni siku ya kuvaa kaptula. Nikaacha kubishana naye. Angeishi mwaka mzima kwenye joto letu, akaamka alfajiri ya Julai akakuta umande umelowesha kila jani, naye angetafuta sweta la mtumba.

Na kipupwe si baridi tu. Ni majira yanayobadilisha sufuria. Kusi likikaza, bahari ya nje haiendeki kwa vyombo vidogo. Wavuvi huvua humu humu ndani ya ghuba au hukaa ufukweni wakishona nyavu, na samaki aliyepatikana huwa na bei ya kumfanya mtu amwangalie mara mbili. Siku kama hizo shamba ndilo linalopika. Kwetu tulikula mbaazi za nazi, muhogo wa kuchemsha, kisamvu, muhogo wa nazi, kisha mbaazi tena. Nikiwa mdogo nililalamika. Mama alikuwa akijibu, "Kusi halikuulizi unapenda nini."

Shamba lenyewe ni ekari mbili na nusu. Lina minazi 31, mikorosho tisa, miembe minne, na nafasi iliyobaki ni mihogo na mbaazi. Kuna banda la kuku lililozungushiwa senyenge. Lilikuwa la babu. Baba alilirudia mwaka 2017 alipostaafu ualimu wa shule ya msingi, baada ya miaka mingi ya kuhamishwa huku na huko bara. Kisiwani hakuna anayemwita jina lake. Ni Mwalimu tu, hata na Mama.

Ndugu zangu wana jina lao kwa shamba lile: mchezo wa Mzee. Kaka yangu anafanya biashara ya vifaa vya ujenzi Masoko. Dada yangu yuko Mbagala, na kila mwezi hutuma pesa ambayo, kwa maneno yake, inakwenda kununua senyenge badala ya sukari. Wote wawili walikuwa wamechoka. Wiki moja kabla sijasafiri, Kaka aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, lile ambalo wazazi hawamo:

"Dogo, wewe ndiye msomi wa uchumi wa kilimo. Kaa na daftari la Mzee utuambie ukweli. Kama shamba linakula hasara, mwezi wa tisa tunawahamishia Masoko. Vyumba vya uani viko vitupu."

Ninasoma shahada ya umahiri Morogoro. Mwaka huo nilikuwa naandaa dodoso la utafiti wangu juu ya mapato ya kaya za wakulima wadogo. Nilijiona nimepata zoezi la kupasha misuli. Nilimjibu Kaka, "Hamna shida."

*

Baba ana daftari la kaunta, jekundu, lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Kila kilichotoka na kilichoingia kimeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni. Nilipomwomba, alinipa kwa mikono miwili.

"Kagua," aliniambia. "Usinionee huruma."

Tulikaa usiku mbili barazani, taa ya sola ikining'inia kwenye msumari. Matumizi ya miezi kumi na miwili yalikuwa haya: mkwezi wa minazi shilingi 62,000, senyenge 140,000, ndoo na madumu 38,000, chanjo na dawa za kuku 24,000, nauli za boti na magunia 96,000, vibarua wa kulima 180,000, salfa ya mikorosho 60,000. Jumla 600,000. Mapato: nazi 210,000, korosho 95,000, kuku 84,000, mbaazi na muhogo 52,000. Jumla 441,000. Hasara 159,000.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka lake, akaivaa tena.

"Na tulichokula?" akauliza.

Lilikuwa swali la haki, na ndilo ambalo mwalimu wangu wa chuo angeuliza kwanza. Mkulima mdogo hauzi kila kitu, na anachokula nacho ni mapato. Tukaanza kukumbuka: nazi ngapi kwa wiki, muhogo, mayai, mbaazi za miezi mitatu, maembe. Kwa bei za sokoni Masoko nilifika shilingi 300,000, na nilibana sana. Hasara ikageuka faida ya 141,000.

Baba alicheka kwa sauti, jambo ambalo halifanyi mara kwa mara. "Mwandikie kaka yako," alisema. "Mwambie mchezo wa Mzee umefunga goli."

Mama alikuwa ndani akifunga dirisha lisilofungika vizuri. Hakusema kitu.

*

Kipupwe kina shughuli zake. Mikorosho huanza kutoa maua, na asubuhi zenye ubaridi na unyevu ndizo zinazoleta ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajashika korosho. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo haujaamka na majani bado yana umande wa kushika unga. Nilimsaidia Baba siku mbili, kitambaa puani. Yeye anashika ratiba na kutoa maelekezo. Goti lake la kulia halimruhusu kusimama muda mrefu wala kubeba kitu kizito, na amelikubali goti hilo kwa heshima kama mgeni asiyeondoka.

Kisha kuna kuku. Kipupwe kilichotangulia kideri kilipita kijijini. Kwetu kulikuwa na kuku 27. Siku ya kwanza wawili walisimama wamejikunyata, shingo imepinda. Ndani ya wiki moja walibaki wanane. Mama aliwafukia kumi na tisa nyuma ya banda, na mwaka ule hakukuwa na kuku wa kuuza wala wa mgeni. Chanjo ipo, inatengenezwa Kibaha, na inavumilia joto kuliko zile za zamani. Lakini kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na kikishachanganywa lazima kitumike siku hiyo hiyo. Kwa hiyo chanjo ya kideri haiwezi kuwa kazi ya mtu mmoja. Ni lazima ukubaliane na majirani.

Safari hii nilivuka nayo kutoka Masoko kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, nimeikumbatia kifuani, boti likipanda na kushuka. Mama alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba. Magharibi, kuku walipoingia mabandani, tukaanza. Yeye anaingiza mkono gizani na kumtoa kuku bila purukushani, ananishikia kichwa, mimi nadondosha tone moja kwenye jicho, tunasubiri apepese, anamrudisha. Wetu walikuwa 23. Tukaenda kwa jirani, na kwa jirani wa pili. Kila nyumba walimsalimu yeye kwanza, "Shikamoo, Bi Mkubwa," na ni yeye waliyemuuliza lini tena. "Baada ya miezi mitatu," aliwajibu, akitaja mwezi bila kuhesabu vidole.

Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu: kuku, 84,000. Kuku saba kwa 12,000. Usiku ule, nikinawa mikono, nikafikiri kwamba zile 84,000 zilikuwa na mkono wa mtu ndani yake na mimi sikuuandika popote.

*

Hapa lazima niseme juu ya michungwa.

Baba alifundisha historia. Ngano anayoipenda kuliko zote ni ile iliyo katika habari za kale za Kilwa, kwamba Ali bin al-Hassan aliyekuja kutoka Shirazi alikinunua kisiwa hiki kwa nguo: vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Alikuwa akiwauliza wanafunzi wake, "Je, bei ilikuwa halali?" Aliwaacha wabishane mpaka kengele.

Lakini kitabu kilichomponza ni kingine. Alisoma mahali maelezo yaliyoandikwa na mtu wa msafara wa Francisco de Almeida, Mreno aliyekishambulia Kilwa mwaka 1505. Mwandishi yule, aliyesimulia pia namna mji ulivyoporwa, aliorodhesha alivyoviona: kuku, mbuzi, vitunguu, malimau, machungwa matamu, bustani zinazonyweshwa kwa maji ya visima. Baba aliposoma "machungwa" hakulala. Hapa kisiwani! Miaka mia tano iliyopita! Kipupwe kilichopita alivuka na miche kumi na miwili ya michungwa, akaipanda kwa kamba, mistari mitatu ya minne. Kila mgeni anayekuja na muongozaji kuelekea Husuni Kubwa, akipita karibu, lazima asikie habari za michungwa ya Kilwa.

Mimi niliyatafuta maelezo yale na kuyasoma mwenyewe mwaka wangu wa kwanza Morogoro. Machungwa yapo kweli. Ila kuna jambo ambalo Baba hakulitaja mezani. Mwandishi anasema pia kwamba mji ulikuwa na watumwa wengi, na kwamba ndio waliokuwa wakilima mashamba. Maji yale ya visima, basi, hayakupanda yenyewe mpaka kwenye shina la mchungwa. Kuna mtu aliyavuta, akayabeba, akayamwaga, akarudi.

Sifananishi nyumba yetu na utumwa. Baba ni mtu mwema na Mama si mtu wa kuonewa. Lakini tangu nisome sentensi ile, nikisikia neno bustani najikuta nauliza nani aliyeimwagilia.

*

Kuanzia wiki ya pili nikawa naamka. Asubuhi ya kwanza Mama alinikuta mlangoni na madumu mawili.

"Unakwenda wapi?"

"Kisimani."

"Na hicho kifua cha maktaba?"

Akanicheka, tukaenda. Kutoka kisimani mpaka shambani ni hatua 460, nilizihesabu. Maji yake yana chumvi kidogo, lakini yanafaa miche, kuku na kuoshea. Yeye hubeba ndoo ya lita ishirini kichwani, mkono mmoja umeshika upindo wa kanga, na njia nzima anazungumza. Mimi na madumu yangu mawili nilipumzika mara tatu. Safari ya pili nikaacha dumu moja.

Nikaanza kuhesabu bila kumwambia. Kila ndoo aliyoileta, nilidondosha punje moja ya mbaazi kwenye kopo la maziwa dirishani kwangu. Nilifanya hivyo siku kumi. Kulikuwa na siku ya punje nane na siku ya punje kumi, lakini kwa kawaida zilikuwa tisa. Ndoo tatu za nyumbani, moja ya kuku. Tano zilizobaki zilikwenda kwenye michungwa.

Baada ya maji kuna kupalilia, kukusanya makuti, kufua nazi, kuanika mbaazi na kuzipiga, kusafisha banda. Nilikadiria saa nne kwa siku, na nimekadiria kwa kupunguza. Vibarua tuliowalipa kulima walichukua shilingi 5,000 kwa nusu siku kama hiyo. Nikampa Mama siku 300 kwa mwaka, nikamtolea Ijumaa, sikukuu na homa. Shilingi 1,500,000. Faida yetu ya 141,000 ikawa hasara ya 1,359,000.

Niliitazama ile namba muda mrefu. Kisha nikakumbuka dodoso langu la utafiti. Lina ukurasa wa wanakaya, na kwenye safu ya kazi kuu, kwa mtu kama Mama, msaidizi wa utafiti angeandika "mama wa nyumbani" na kuruka maswali sita yanayofuata. Maelekezo ya kuruka niliyaandika mimi.

*

Tulizungumza Jumapili usiku. Kaka alivuka mchana na sukari na unga, Dada alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika. Kusi lilikuwa linavuma na mara kwa mara sauti yake ilikatika.

Nilisoma kama ninavyosoma semina chuoni. Hasara ya daftari. Faida baada ya kuhesabu chakula. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikasoma sehemu ya tatu. Nilipotaja zile ndoo tisa, Baba alinyanyua uso. Nilipotaja milioni moja na nusu, hakuna aliyesema kitu kwa muda.

"Basi imekwisha," Kaka alisema, si kwa ubaya. "Mimi nilijua. Mama anajiua kwa ajili ya minazi. Mwezi wa tisa mnahamia Masoko. Bomba liko uani, umeme upo, hospitali karibu."

"Afadhali," Dada akasema kwenye birika.

Baba alikuwa anaangalia mikono yake. Nilidhani atajitetea, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakujitetea. Alisema tu, polepole, "Sikuwa najua ni tisa."

Ndipo Mama akanigeukia mimi.

"Nani alikutuma unihesabu?"

"Mama, nilitaka ionekane kwamba..."

"Elfu tano. Umekaa dirishani unanichungulia na mbaazi, halafu umenipangia elfu tano." Hakuwa amepandisha sauti. "Na wewe," akamwambia Kaka, "huko uani kwako nitakuwa nafanya nini?"

"Unapumzika, Mama. Utakuwa na wajukuu."

"Wajukuu wanne, na mama yao yuko dukani toka asubuhi. Nitawaogesha, nitawapikia, nitawapeleka chuoni na kuwarudisha. Huko mtaniandika kwenye daftari gani?"

Kaka akafungua mdomo, akaufunga. Dada alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa, kisha mtandao ukakatika na hakuna aliyempigia tena.

Mama alinyoosha miguu yake mkekani, akaendelea kama mtu anayegawa nyama. "Sihami. Kuku ni wangu. Nikiwauza pesa yangu, ndiyo iliyokulipia kidato cha tano, Mwalimu anajua. Mihogo nimeipanda mimi. Mbaazi zangu. Kisimani ndiko ninakokutana na wenzangu, mkinifungia bomba mtaniua kwa upweke. Ndoo nne nitachota. Lakini michungwa si yangu. Sikuulizwa. Niliamka siku moja nikaikuta imepandwa. Mwenye michungwa ainyweshe."

Baba alinyamaza. Kisha akasema, "Goti, Bi Mkubwa."

"Nalijua goti lako kuliko wewe. Chota nusu ndoo."

*

Ningependa kusema kwamba asubuhi iliyofuata Baba alitangulia kisimani. Hapana. Siku tatu hakwenda, na siku tatu michungwa haikupata maji. Mimi pia sikuichotea. Mama alinikataza kwa macho tu, na nadhani alikuwa sahihi, maana ningeondoka baada ya wiki mbili na ndoo zangu zingemrudia yeye. Majani yalianza kujikunja. Muongozaji mmoja alipita na wageni wawili, nikaona Baba akiingia ndani na kuanza kutafuta kitu kwenye sanduku mpaka walipopita.

Siku ya nne nilisikia kandambili mbili chini ya dirisha, za Mama nyepesi, na nyingine zikikokota upande mmoja. Niliketi kitandani. Baba alichota nusu ndoo, akaibeba kwa mkono, akabadilisha mkono, akapumzika kwenye gogo la mnazi lililoanguka. Alikwenda mara tatu. Mama aliporudi na ndoo yake ya nne alimpita njiani, akamwambia neno nisilolisikia, wote wakacheka. Jua lilipopanda, Baba alichukua daftari jekundu, akapiga mstari mpya kwa rula na kuandika juu yake: Maji. Chini yake: Bi Mkubwa, 4. Mwalimu, 1½.

Sikumhesabia. Aliandika mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka kwangu kusi lilikuwa limelegea. Nilimwomba Mama radhi kisimani, kwa kumhesabu bila kumuuliza. Alivuta kamba mpaka ndoo ikafika juu ndipo akajibu.

"Kuhesabu si kosa," alisema. "Baba yako miaka saba anaandika hata misumari. Kosa ni kwamba ulihesabu ukampa kaka yako kwanza. Ungenipa mimi." Akajitwisha. "Na elfu tano ni ndogo."

Nikiwa Morogoro nilifuta maelekezo ya kuruka. Sasa kila mwanakaya anaulizwa maswali sita yote, na anaulizwa mwenyewe, si mkuu wa kaya kwa niaba yake. Msimamizi wangu alilalamika kwamba dodoso limekuwa refu. Ni kweli, limekuwa refu. Niliongeza na swali moja la mwisho ambalo sijui nitalichambuaje: katika shamba hili, ni kipi ambacho hukuulizwa?

Kaka hajataja tena vyumba vya uani. Dada bado analalamikia senyenge, lakini sasa pesa yake anaituma kwa simu ya Mama.

Katikati ya Novemba mvua za kwanza zilianguka kisiwani, na Baba akanitumia picha mbili. Ya kwanza ni ukurasa wa daftari, safu ya maji imefungwa kwa mistari miwili kama anavyofunga hesabu za mwaka. Nilijumlisha upande wake: tangu Agosti, ndoo 131 na nusu. Ya pili ni miche, imelowa, majani mapya yanang'aa. Ni mitano. Saba imekauka.

Niliandika, "Pole, Baba, kwa ile saba."

Akajibu baada ya muda mrefu, kwa herufi kubwa kama kawaida yake: "HII MITANO NAIJUA MMOJA MMOJA."